MERIKANI: NENO LILILOTOKA SALEM

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili

Hebu nianze na swali. Merikani ni nini?

Ukimwuliza nyanya yako, huenda akakwambia ni kile kitambaa kizito cha pamba, kisichopaushwa, chenye rangi kama ya uji mweupe. Kamusi nayo itakwambia vivyo hivyo, na pengine ikaongeza kwamba wengine hukiita amerikani au marekani. Sawa. Basi kitambaa hiki kilipewa jina la nchi. Lakini Marekani ni nchi kubwa mno, yenye majimbo 50. Ni Marekani ipi hiyo iliyotuletea nguo hata tukaiita kwa jina lake?

Muhula uliopita kila mwanachama wa chama chetu alipewa neno moja la Kiswahili alifuate hadi lilikotoka. Wenzangu walipata meza, shati na duka. Mimi nikapewa merikani, nalo neno hilo likanifikisha katika mji mdogo sana uitwao Salem. Katika makala haya nitaeleza mji huo uko wapi, ulianzaje, una watu wangapi, na jinsi ulivyoingia katika lugha yetu. Kisha nitauliza swali ambalo kamusi haiulizi: kitambaa kile kililipiwa na nani?

1. Salem uko wapi?

Salem uko katika jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani, kando ya Bahari ya Atlantiki. Kutoka Boston, mji mkuu wa jimbo hilo, ni kiasi cha kilomita 25 tu kuelekea kaskazini mashariki. Majirani zake ni Beverly upande wa kaskazini, Marblehead upande wa kusini mashariki, na Peabody upande wa magharibi.

Nchi kavu ya mji huu haifiki kilomita mraba 22. Sehemu kubwa zaidi ya eneo lake ni maji! Mji umekaa juu ya ulimi wa ardhi, huku mto wa North ukiwa upande mmoja na mto wa South upande wa pili. Bandari yake imekingwa na upepo, lakini maji yake hayana kina kirefu. Tafadhali, msomaji, shika jambo hilo la kina. Litakuja kutusaidia mbele.

Hali ya hewa ni ya misimu minne. Januari theluji huanguka na maji huganda. Julai kuna joto. Udongo si wa kusifiwa, una mawe mengi. Kwa hivyo tangu zamani watu wa huko walitegemea bahari kuliko shamba. Samaki aina ya kodi ndiye aliyewalisha, na ndiye waliyemkausha na kumwuza mbali.

2. Mwanzo wa mji na maana ya jina

Kabla ya Wazungu kufika, mahali hapo paliitwa Naumkeag, na wenyeji wake walijulikana kwa jina hilo hilo. Walikuwa wakivua, wakilima mahindi, wakihama kwa kufuata majira. Maradhi yaliyoletwa na meli za Wazungu yaliwaua wengi hata kabla walowezi hawajajenga nyumba ya kwanza.

Mwaka 1626 Mwingereza Roger Conant na wenzake wachache walihamia hapo. Mwaka 1629 makazi yakapewa jina jipya: Salem. Sasa, wanachama wenzangu, sikilizeni. Jina hilo lilichukuliwa kutoka katika Biblia, na asili yake ni neno la Kiebrania lenye maana ya amani. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja. Kiarabu kina salaam, nasi tukapata salamu na salama. Kwa maneno mengine, Salem ni ndugu wa mbali wa salama yetu. Jina hilo lilikuwa limeshakutana nasi kabla ya meli kukutana nasi.

3. Mwaka wa aibu, 1692

Mji wa amani haukuwa na amani siku zote. Watu wengi duniani wakisikia Salem hukumbuka jambo moja tu, yaani kesi za uchawi za mwaka 1692.

Mambo yalianzia Salem ya mashambani, ambako leo ni mji wa Danvers. Wasichana wadogo katika nyumba ya mhubiri Samuel Parris walianza kupiga mayowe na kujinyonganyonga. Wakabanwa waseme ni nani aliyewaroga. Waliotajwa kwanza walikuwa watatu: Tituba, mtumwa wa mhubiri huyo, Sarah Good, mwanamke maskini aliyekuwa akiombaomba, na Sarah Osborne, mgonjwa asiyeonekana kanisani. Mwaona? Kidole kilianza kwa wanyonge. Kisha kikasambaa hadi kwa watu wenye mali na heshima.

Mahakama ilikubali ushahidi wa ajabu. Mtu aliweza kusema ati nimeuona mzimu wa fulani ukinisonga, na hilo likahesabiwa kuwa ushahidi. Watu zaidi ya 150 walishtakiwa. Kati ya Juni na Septemba watu 19 walinyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu mashtaka, alilazwa chini akapangiwa mawe mazito kifuani hadi akafa. Wengine walifia gerezani. Gavana William Phips aliivunja mahakama hiyo Oktoba mwaka huo huo.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wanafunzi. Elizabeth Johnson alihukumiwa kifo katika kesi hizo, ingawa hakunyongwa. Karne tatu baadaye jina lake lilikuwa bado halijasafishwa. Wanafunzi wa darasa la nane wa mji wa North Andover, pamoja na mwalimu wao, walilishikilia jambo hilo na kuliomba bunge la jimbo. Mwaka 2022 Elizabeth akatangazwa hana hatia. Nani alisema watoto wa shule hawawezi kurekebisha historia?

4. Bahari inautajirisha mji

Baada ya Marekani kujitwalia uhuru, meli zake hazikukaribishwa tena kama zamani katika makoloni ya Uingereza. Wafanyabiashara wa Salem wakalazimika kutafuta njia nyingine. Tajiri Elias Hasket Derby alituma meli yake Grand Turk hadi Uchina. Ikarudi 1787 imejaa chai na vyombo vya kauri. Nahodha Jonathan Carnes naye akaenda Sumatra, akarudi mwaka 1797 na shehena ya pilipili manga. Faida yake ilikuwa kubwa mno, na kwa muda Salem ikawa soko kuu la pilipili nchini mwao.

Mwaka 1799 manahodha wa mji walianzisha chama chao. Sharti la kujiunga lilikuwa kali: uwe umezunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Walileta nyumbani vitu vya kigeni kutoka kila bandari, na mkusanyo huo ndio chanzo cha jumba la makumbusho la Peabody Essex lililopo Salem hadi leo. Nathaniel Bowditch, mzaliwa wa mji huu, alitoa mwaka 1802 kitabu cha ubaharia kilichowafundisha mabaharia kupima njia kwa nyota na hesabu. Na nembo ya mji iliyopitishwa mwaka 1839 ilibeba maneno ya Kilatini yenye maana ya “hadi bandari ya mwisho ya Mashariki yenye utajiri.”

Lakini Desemba 1807 Rais Thomas Jefferson alipiga marufuku meli za Marekani kwenda nchi za nje. Kisha vikaja vita na Uingereza, 1812 hadi 1815. Magati yakanyamaza. Amani iliporudi, Boston na New York, zenye bandari za kina, zilikuwa zimeanza kuvuta biashara kubwa. Salem ilibidi itafute bandari ambazo wakubwa hawakuwa wamezizoea. Na hapo ndipo tunapoingia sisi.

5. Salem na Unguja

Kuanzia miaka ya 1820 meli za Salem zilianza kutia nanga Unguja. Safari ilichukua miezi kama mitatu au minne, kwa kuzunguka rasi ya kusini mwa Afrika. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Edmund Roberts alitia sahihi mkataba kati ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan. Mkataba uliwaruhusu Wamarekani kufanya biashara kwa kulipa ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa walizoteremsha.

Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, aliwasili Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Hebu linganisha: Uingereza ilileta balozi wake mdogo mwaka 1841, na Ufaransa 1844. Kumbe mji mdogo wa wavuvi ulizitangulia dola kubwa!

Waters alikuwa balozi na papo hapo mfanyabiashara. Alishirikiana sana na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodishwa forodha ya Unguja na ambaye hakuna shehena iliyopita bila yeye kujua. Kutoka kwetu meli zilibeba pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi. Sandarusi ni utomvu mgumu uliochimbwa ardhini katika Mrima. Ulipelekwa Salem na mchanga wake wote, ukaoshwa huko kiwandani, kisha ukauzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Meza nyingi za matajiri wa Marekani ziling’aa kwa utomvu wa pwani yetu.

Nao walileta nini? Bunduki, baruti, sukari, waya wa shaba. Lakini bidhaa iliyozishinda zote ni kitambaa: merikani.

Watu wa pwani na bara walikipenda kwa sababu moja ya wazi kabisa. Kilikuwa kigumu, na kilidumu. Wafanyabiashara wa Kiingereza walijaribu kuiga, wakashindwa kwa muda mrefu. Merikani ikawa nguo, tena ikawa pesa. Misafara ilihesabu malipo kwa mikono ya kitambaa: shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na jora zima kama yadi 30. Mpagazi alilipwa merikani, mtemi alitozea njia kwa merikani, kuku na mtama vilinunuliwa kwa merikani. Hata Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, mizigo mingi ya wapagazi wake ilikuwa vitambaa, na merikani ilikuwamo kwa wingi.

6. Kitambaa kililipiwa na nani?

Hapa ndipo ningependa tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo neno letu linapokuwa zito.

Merikani ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kama vile vya mji wa Lowell, na kuanzia 1847 katika Salem kwenyewe, kiwanda cha Naumkeag kilipoanza kazi kwa nguvu za mvuke. Lakini pamba haioti Massachusetts. Kuna baridi mno. Pamba ilitoka majimbo ya kusini, ambako ililimwa na kuchumwa na watumwa, watu ambao asili yao ni Afrika.

Kitambaa kikafika Unguja. Huku nako karafuu iliyonunuliwa kwa kitambaa hicho ilichumwa na watumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba. Pembe za ndovu zilibebwa na wapagazi. Wengi walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi waliojivunia kazi hiyo, lakini wengine walikuwa mateka waliokwenda kuuzwa pamoja na mzigo waliobeba.

Basi piga hesabu. Mwafrika mtumwa alichuma pamba huko, Mwafrika mtumwa akachuma karafuu huku, na katikati meli ya mji uitwao Amani ikabeba faida. Massachusetts yenyewe ilikuwa imeshauacha utumwa kupitia mahakama zake katika miaka ya 1780. Waters mwenyewe aliuchukia utumwa, na aliandika hivyo katika shajara yake. Hata hivyo biashara iliendelea. Simwandiki hapa ili tumtukane. Namwandika kwa sababu aliona kwa macho yake, akasikitika kwa dhati, na asubuhi yake akaenda forodhani kama kawaida. Mtu anaweza kuwa na moyo mwema na bado mkono wake ukawa ndani ya biashara mbaya. Hilo ni somo kwa yeyote anayenunua kitu bila kuuliza kimetoka wapi, nasi tukiwamo.

Kitambaa hiki kilikatizwa na vita. Mwaka 1861 majimbo ya kusini na ya kaskazini ya Marekani yalianza kupigana, pamba ikaadimika, viwanda vikalegea. Vita vilipokwisha mwaka 1865, utumwa wa Marekani ulikomeshwa kisheria. Katika Unguja soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku 1897. Wakati huo vitambaa vya Uingereza na Bombay vilikuwa vimeshika soko la pwani. Lakini, ajabu ya lugha, watu waliendelea kusema merikani! Mfumaji alibadilika, jina likabaki.

7. Idadi ya watu

Sasa tusome tarakimu za sensa za Marekani kuhusu Salem:

1790: watu 7,921
1810: watu 12,613
1820: watu 12,731
1840: watu 15,082
1850: watu 20,264
1910: watu 43,697
1920: watu 42,529
1990: watu 38,091
2020: watu 44,480

Tarakimu huonekana kavu, lakini ukizikamua zina maji. Mwaka 1790 Salem ilikuwa miongoni mwa miji kumi yenye watu wengi zaidi Marekani, ingawa haikufikisha watu 8,000. Kati ya 1810 na 1820 mji uliongeza watu 118 pekee. Kwa nini? Rudi sehemu ya nne: baada ya marufuku ya biashara vikaja vita. Kati ya 1840 na 1850 waliongezeka zaidi ya 5,000. Hiyo ni kazi ya reli na kiwanda cha pamba, si ya meli. Bandari ile isiyo na kina haikuweza kupokea meli kubwa za siku hizo, nazo shehena zikahamia Boston.

Viwanda vya nguo na ngozi viliita watu wapya: Waayalandi, Wakanada wasemao Kifaransa, Wapolandi. Kisha tarehe 25 Juni 1914 moto ulianzia katika kiwanda cha ngozi, ukateketeza majengo zaidi ya 1,300. Watu wapatao 20,000 walikosa makao, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa mtaa wa Point. Ndiyo maana tarakimu ya 1920 imeshuka. Kiwanda cha Naumkeag kiliungua, kikajengwa upya, hatimaye kikafungwa mwaka 1953. Mji ukaendelea kupungua. Tazama sasa: ni mwaka 2020 tu, miaka 110 baadaye, ndipo sensa ilipopita idadi ya 1910.

Leo Point ni mtaa wa wahamiaji wengi kutoka Jamhuri ya Dominika, na Kihispania husikika huko kila siku. Watu Weusi nao wana historia ndefu Salem. Mwaka 1844 shule za umma za mji ziliacha kuwatenga watoto wao, miaka 11 kabla ya Boston kufanya hivyo. Charlotte Forten, msichana Mweusi, alihitimu mwaka 1856 katika chuo cha ualimu cha Salem, akafundisha watoto Wazungu katika shule ya mji huo.

Ili upate picha, watu 44,480 ni chini ya theluthi moja ya wakazi wa Kaunti ya Lamu, waliokuwa 143,920 katika sensa yetu ya 2019.

8. Hitimisho

Salem ya leo huishi kwa chuo kikuu, hospitali na utalii. Kila Oktoba wageni humiminika kuliko idadi ya wenyeji, wakifuata hadithi za uchawi; hata timu za michezo za shule ya upili ya huko zimejulikana kwa jina la Wachawi. Mji umechagua kukumbukwa kwa mwaka mmoja, 1692. Sisi wa Kiswahili tunaukumbuka kwa jambo lingine, ingawa wengi wetu hatujui kwamba tunaukumbuka. Kila anayetamka merikani anautaja mji huo, na anawataja pia waliochuma pamba na karafuu bila malipo. Wao hawakuandika shajara, wala sensa za Salem hazikuwahesabu.

Kwa hivyo, mwanachama mwenzangu, ukikutana na neno la kigeni katika Kiswahili, usitosheke kujua limetoka lugha gani. Uliza pia lilikuja na nani, likiwa limebeba nini, na nani aliyelilipia.

Maswali ya zoezi

1. Eleza uhusiano uliopo kati ya maneno Salem, salamu na salama.
2. Taja mambo mawili ya kijiografia yaliyowafanya watu wa Salem wategemee bahari, na moja lililowaponza baadaye.
3. Kwa kutumia tarakimu za sensa, eleza athari za (a) marufuku ya 1807 na vita vilivyofuata, (b) moto wa 1914.
4. Kwa nini jina merikani lilibaki hata baada ya kitambaa kutoka kwingine? Toa mfano wa neno lingine la Kiswahili lenye historia kama hiyo.
5. “Mtu mwenye moyo mwema hawezi kushiriki biashara mbaya.” Jadili ukirejelea sehemu ya sita.